Koffi, Wemba na Nganda ya Mangobo

Sisi wa Kisangani tuna waimbaji wawili ambao hatukubali Kinshasa itunyang'anye. Abeti Masikini alizaliwa hapa mwaka 1954, mji ulipokuwa ukiitwa Stanleyville, na kabla hajafikisha miaka ishirini alikuwa ameshapanda jukwaa la Olympia kule Paris. Koffi Olomidé alizaliwa hapa mwaka 1956. Kwamba Koffi alikulia Kinshasa halikuwa jambo la kujadiliwa. Katika nganda, yaani baa ya mtaa, ya mama mkubwa wangu, komini ya Mangobo, aliyemsema vibaya Koffi alikuwa amewasema wote waliokaa pale, na bia yake aliimalizia amesimama.

Mimi nilikuwa kijana wa kazi. Nilifuta meza, nilibeba kreti za bia ya Primus, na nilishika ufunguo wa kabati la kaseti, kwa sababu mama mkubwa hakuruhusu mkono wa mlevi uguse mashine. Ufunguo huo ndio ulionifanya shahidi wa ugomvi ambao hadi leo haujapata hakimu.

Ugomvi ulikuwa juu ya Wake Up, albamu ambayo Koffi na Papa Wemba waliitoa pamoja mwaka 1996. Wemba alikuwa mkubwa. Alikuwamo bendi ya Zaïko Langa Langa ilipoanzishwa mwaka 1969, na mwaka 1977 akaunda Viva la Musica. Koffi alianza kusikika kwa kumtungia nyimbo, angali mwanafunzi aliyekuwa akija Kinshasa wakati wa likizo kutoka masomoni Ufaransa. Mwaka 1986 Koffi akaunda bendi yake, Quartier Latin, na kuanzia hapo watu walianza kuhesabu nani anamzidi nani. Katikati ya miaka ya 90 Koffi alikuwa akitoa albamu kila mwaka: Noblesse Oblige, Magie, V12. Wemba alikuwa Ulaya akirekodi kwa mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel, na Emotion yake ya mwaka 1995 ilikuwa na muziki ambao wazungu waliupenda kuliko sisi. Mashabiki walishajigawa. Kusikia kwamba mwanafunzi na mkubwa wake wameingia studio pamoja kulituacha midomo wazi.

Kilichotushangaza zaidi ni sauti. Ya Wemba ilikuwa juu, nyembamba, yenye makali, na hata akiimba mapenzi ulisikia ndani yake mtu aliyefiwa. Haikuwa bahati. Mama yake alikuwa mwombolezaji, mwanamke aliyeitwa kwenye misiba aimbe, na mtoto alifuatana naye. Ya Koffi ilikuwa chini, nzito, ya kunong'ona. Mara nyingi haimbi kabisa, anaongea juu ya gitaa kwa utulivu wa mtu ambaye hana haraka ya kwenda nyumbani. Wapinzani wake pale nganda walikuwa na sentensi moja: "Yule si mwimbaji, ni msemaji." Wafuasi wake nao walikuwa na jibu moja: "Na wenu analia kila siku, nani amekufa?"

Wazee waliokaa upande wa mwembe walituambia tusijifanye tumeona jambo geni. Mwimbaji Joseph Kabasele alipofariki mwezi wa pili mwaka 1983, Franco na Tabu Ley, waliokuwa wameshindana tangu enzi za bendi za OK Jazz na African Jazz, waliingia studio pamoja na kumwimbia marehemu. Franco alikuwa na sauti nzito ya mtu anayekaripia, na Tabu Ley alikuwa na ile laini iliyopanda bila jasho. Papa mmoja, mstaafu wa kiwanda cha nguo cha SOTEXKI, alisema siku ile alielewa kwamba Franco alihitaji mtu wa kuimba naye ili ukali wake usikike, na kwamba peke yake alikuwa amezoeleka. Miaka miwili baadaye Franco alifanya tena na mwimbaji Madilu katika wimbo wa Mario: mmoja anakemea, mwingine anasihi, na kisa cha kijana anayelishwa na mwanamke aliyemzidi umri kikapata uzito ambao mwimbaji mmoja asingeweza kuubeba.

Kaseti ya Wake Up ilitufikia kwa njia ya kawaida ya wakati ule, yaani nakala ya nakala. Mtu alitoka nayo Kinshasa, duka la katikati ya mji, Makiso, likanakili, na Mangobo ikapata kilichobaki. Hapo ndipo ugomvi ulipochukua sura ambayo wengi hawakuiona, lakini mimi niliiona kwa sababu ya kazi yangu.

Nganda yetu ilikuwa na spika mbili kubwa za mbao. Umeme wa bwawa la Tshopo ulipokuwepo, sauti ya Koffi ilitoka chini ya spika zile na kujaa uwanja mzima. Uliisikia kifuani kabla ya masikio, na chupa zilitetemeka mezani. Wemba alisikika pia, lakini kwa mbali, juu ya paa. Usiku wa namna hiyo mshindi alikuwa Koffi, na hapakuwa na mjadala.

Umeme ulipokatika, na ulikatika mara nyingi, nilileta redio ndogo ya mawe, yaani ya betri. Spika yake haikuzidi kiganja. Koffi alitoweka. Palibaki mvumo fulani, mtu anayeongea chumba cha pili. Wemba peke yake alipenya, akakata giza, na hata wapita njia barabarani walisimama. Usiku huo wafuasi wa Koffi walinyamaza au walidai mawe yamekwisha.

Nilichunguza na nikagundua jambo hilo halikuwa la nganda yetu tu. Waliosikiliza nyumbani kwa redio ndogo, akina mama waliopika huku kaseti ikicheza, wavuvi waliobeba redio zao hadi karibu na maporomoko ya Wagenia, wengi wao walisema Wemba ameshinda. Waliokunywa kwenye nganda zenye spika kubwa walisema Koffi. Kila upande ulidhani unazungumzia waimbaji, kumbe ulizungumzia mashine.

Aliyeumaliza ugomvi, kwangu mimi angalau, alikuwa mzee wa Kilokele aliyekuja kunywa siku za soko. Watu wa Kilokele wa kando ya mto wanajulikana kwa ngoma ya mti inayozungumza. Hata mmisionari Mwingereza, John Carrington, aliyekaa Yakusu, si mbali na hapa, aliisoma ngoma hiyo kwa miaka mingi na mwaka 1949 akaandika kitabu juu yake. Ngoma ile ina midomo miwili: mmoja unatoa sauti ya juu, mwingine ya chini. Lugha yenyewe ina maneno yanayotofautishwa kwa kupanda na kushuka kwa sauti, na ngoma inafuata kupanda na kushuka huko hadi kijiji cha mbali kinaelewa nani amezaliwa na nani amekufa.

Vijana walimuuliza nani amemshinda mwenzake. Mzee alicheka. "Watoto wangu, nikipiga mdomo mmoja tu wa ngoma, nani atajua ninasema nini? Mtasikia kelele. Ujumbe unakuja mkono ukihama." Kisha akaagiza nyingine, akaniomba nirudie wimbo kutoka mwanzo.

Nilirudia, na nikasikia kitu kipya. Koffi hakupanda kumfuata Wemba, wala Wemba hakushuka kumfuata Koffi. Kila mmoja alikaa mahali pake, na maana ilikuwa katika kupokezana: pale mmoja anaponyamaza na mwingine anaingia, unajua kwamba mwanamke anayeimbiwa anaambiwa mambo mawili na watu wawili. Sauti zinazofanana hupendeza, ndiyo, lakini zote mbili huwa mtu mmoja. Sauti zinazopingana huleta watu wawili, na penye watu wawili ndipo kisa huanza.

Kisha vita vikafika. Uasi ulioanza Kivu mwezi wa kumi mwaka 1996 ulisogea magharibi, na mbele yake walikimbia wanajeshi wa serikali, wenye njaa na hasira, wakichukua walichokikuta. Mamluki kutoka Serbia waliletwa kuulinda mji. Mama mkubwa alifunga nganda kabla ya jua kuzama, spika tukazifunika kwa magunia, na kwa majuma mengi hatukusikiliza muziki wowote isipokuwa kwa redio ndogo, mlango umefungwa. Miezi ile, kwa kulazimika, sote tulikuwa wafuasi wa Wemba.

Tarehe 15 Machi 1997 wapiganaji wa Mzee Kabila, kiongozi wa uasi huo, waliingia Kisangani. Wengi wao walikuwa kadogo, watoto waliovaa viatu vya mpira, na walizungumza Kiswahili cha mashariki. Lingala ilikuwa lugha ya jeshi la Rais Mobutu, kwa hiyo watu wa mjini walichunga ndimi zao, na mama mkubwa alitukataza kusalimia mtu kwa Lingala. Siku chache baadaye kadogo wawili waliingia uwanjani. Mmoja aliona spika chini ya magunia. "Mama, hizi zinalia?" Mama mkubwa alijibu kwamba zinalia umeme ukiwepo. "Basi uweke Koffi." Sote tulitazamana. Mwenzake akapinga palepale: "Koffi ya nini? Weka Wemba." Niliwawekea Wake Up. Walisimama na bunduki zao mabegani wakibishana kwa Kiswahili juu ya nyimbo za Lingala, hoja zilezile nilizozizoea, na mama mkubwa akaanza kufungua chupa.

Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, akafariki akiwa na umri wa miaka 66. Koffi bado yuko, na baadaye alikuja kuimba na Cindy Le Cœur, mwanamke ambaye sauti yake hupanda kuliko hata ya Wemba. Naona hakuisahau hesabu: aliye chini sana humtafuta aliye juu sana.

Wajukuu wa mama mkubwa husikiliza kila kitu kwa simu. Juzi mmoja wao aliupata wimbo wa albamu ile, akauliza kwa nini huyo wa pili haimbi. Nilimwambia Koffi anaimba, ila simu yake haina mahali pa kumweka. Aliponiuliza, kama waulizavyo wote, nani alishinda, nilimrudishia swali ambalo ningewauliza wale wa Mangobo kama ningekuwa na ujasiri wakati ule: wewe ulisikilizia wapi?