Saketi Kwenye Kishikwambi: Niliyoyaona Bariadi

Wanachuo wenzangu tunaosomea ualimu wa sayansi, tukipangiwa mazoezi ya kufundisha mikoa ya mbali tunawaza kwanza nauli na chumba. Swali gumu tunalikuta tukishafika: utafundishaje fizikia kwa vitendo na vifaa havitoshi?

Mimi nilipangwa Bariadi, makao makuu ya Simiyu, mkoa uliozaliwa 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza. Ni nchi ya pamba na Wasukuma wakarimu. Shule yangu ya kata ilikuwa na jengo la maabara, kama lilivyotaka agizo la Rais Kikwete kwamba kila shule ya kata iwe na maabara tatu: fizikia, kemia na baiolojia. Meza zipo. Amita zilikuwa mbili, wanafunzi sitini na kitu.

Kidato cha Tatu walikuwa kwenye mada ya umeme. Ukiwauliza kanuni ya Ohm, wanaitiririsha kwa Kiingereza bila kupumua. Ukiuliza tukiongeza balbu ya pili itakuwaje, kimya. Desa halikuwa na jibu hilo.

Mwalimu mlezi akaniazima kishikwambi chake, vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 kisha vikagawiwa walimu. Nikaweka humo, na kwenye laptopu yangu, maigizo ya PhET. Ni programu za bure za Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Mradi ulianzishwa 2002 na Carl Wieman, mwaka mmoja baada ya kupata Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Unapakua mara moja kwa bando lako, baada ya hapo huhitaji intaneti. Baadhi yameshatafsiriwa kwa Kiswahili.

Sheria yangu ilikuwa moja: hakuna kugusa kioo kabla kundi halijaandika ubashiri wake. Betri ya volti 9, balbu ya omu 10: amita ikasoma 0.90. Balbu mbili kwa mfuatano: 0.45. Hapo wote walipatia. Kwa sambamba je? Karibu makundi yote yaliandika kwamba balbu zitagawana mkondo uleule. Amita ikasoma 1.80, na mwanga haukupungua hata kidogo. Binti mmoja akauliza, "Ticha, sasa betri inajuaje kwamba kuna balbu ya pili?"

Swali hilo lilikula kipindi kizima. Wakabishana kwa Kiswahili, wengine Kisukuma, nami nikawaacha. Kundi moja likaunganisha waya moja kwa moja kwenye betri, betri ikawaka moto kwenye kioo, darasa likalipuka kwa kicheko. Shoti wameiona, na hakuna kilichoungua.

Kesho yake tukaja na betri za tochi na balbu halisi. Tulipoweka ya pili kwa sambamba, zote mbili zikafifia. "Programu imetudanganya!" Kelele. Nikawauliza: betri yenu na ile ya kwenye kioo zinatofautianaje? Baada ya kuzunguka sana, mmoja akakumbuka ukinzani wa ndani, maneno aliyokuwa ameyakariri tu. Kwenye PhET ukinzani huo huanza sifuri, ila unaweza kuupandisha. Wakaupandisha taratibu mpaka balbu za kwenye kioo nazo zikafifia.

Ndiyo maana siwaelewi wanaosema kompyuta itachukua nafasi ya maabara, wala wanaosema maigizo ni michezo ya watoto. Kwa kishikwambi peke yake, wangeondoka wakiamini betri haichoki. Kwa amita mbili peke yake, hamsini wangeangalia migongo ya wenzao. Maswali yalitoka pale vitu viwili vilipopingana, na mwanafunzi akalazimika kutafuta sababu mwenyewe.

Kwa hiyo unayekwenda fildi mwaka huu, pakua kabla hujapanda basi, bumu likiwa bado lina pumzi. Ukifika, nunua betri mbili na balbu za tochi dukani. Dai ubashiri kwanza, matokeo baadaye. Na mwanafunzi akikuuliza betri inajuaje, usikimbilie kumjibu. Mrudishie waya, mwambie ajaribu tena.