Wachache wa Tanga, Wachache wa London

Tanga nilikokulia, Wakristo tulikuwa wachache, na jambo hilo halikumsumbua mtu. Mtaani kwetu Ngamiani adhana ya alfajiri ilituamsha sote, na mama alikuwa akiisikia ndipo anainjika chai. Ramadhani hatukula barabarani. Hakuna aliyetukataza, ila tuliona haya. Jioni bibi jirani alituletea futari, mihogo ya nazi na kaimati, sahani imefunikwa kawa. Krismasi mama alimpelekea pilau, na kuku wa pilau hiyo alichinjwa na mwana wa bibi huyo huyo, ili sote tule. Jumapili akiniona bado nimekaa barazani alinigombeza: “Wewe, wenzio wameshakwenda kanisani, unangoja nini?” Hakuamini ninachokiamini, lakini kumkawilisha Mungu hakukubali, awe anaabudiwa msikitini au kanisani.

Kanisa letu lilikuwa la Kianglikana, lile ambalo wazee mpaka leo wanaliita la UMCA, yaani Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati. Wamisionari wake waliitikia wito alioutoa Livingstone kule Cambridge mwaka 1857. Wakaweka misheni Magila, karibu na Muheza, na Unguja wakajenga kanisa kuu la Mkunazini mahali palipokuwa soko la watumwa. Walituachia Misa ya uvumba, kengele na mishumaa. Walituachia pia kumbukumbu ya Askofu Frank Weston wa Zanzibar, ambaye mwaka 1923 alisimama Albert Hall, London, akawaambia Waingereza kwamba hawawezi kumwabudu Yesu altareni huku wanamwacha anateseka katika makazi ya maskini. Kwa hiyo nilipohamia London niliona kama nakwenda kwa wakwe zetu wa imani, nitapokelewa na watu wanaonijua.

Kwa sheria, nilikuwa nimejiunga na wengi. Mtawala wa Uingereza ndiye mkuu wa Kanisa la England, na maaskofu 26 wana viti vyao katika Baraza la Malodi. Parokia yangu ya London Mashariki ilikuwa na uvumba ule ule wa nyumbani. Waumini, hata hivyo, walijaza mabenchi ya mbele tu: akina mama wa Jamaika na Barbados, Wanaijeria, Waghana, na Waingereza wachache wenye mvi. Kanisa jirani lilikuwa limeshageuzwa nyumba za kuishi, na madirisha yake ya vioo vya rangi yakiangaza sebule za watu.

Kilichoniuma zaidi kilikuwa kimya. Jumatatu kazini mtu aliuliza nilifanya nini mwisho wa wiki. Nikisema nilikwenda kanisani, watu walitabasamu, wakatazama vikombe vyao, halafu mazungumzo yakahamia kwenye hali ya hewa. Sikutukanwa hata siku moja, na ningekuwa mwongo nikidai nimeonewa. Ila Tanga, aliyetofautiana nami alijua kusali ni nini. Hapa nilikaa na watu wema, wakarimu, ambao sala kwao ilikuwa jambo la faragha kama ugonjwa.

Sensa ilikuja kuyasema hayo kwa tarakimu. Mwaka 2021, kwa mara ya kwanza, Wakristo wa England na Wales walishuka chini ya nusu, asilimia 46.2, na waliosema hawana dini walifika asilimia 37.2, kutoka 25.2 miaka kumi nyuma. London yenyewe wasio na dini ni wachache kuliko nchi nzima, na sababu mojawapo ni sisi wageni: Waislamu ni asilimia 15 ya jiji, na Wakristo wengi wanaojaza makanisa wana asili ya Afrika na Karibi. Siwalaumu walioondoka. Askofu Mkuu Justin Welby alipotangaza kujiuzulu Novemba 2024, baada ya ripoti kuonyesha jinsi Kanisa lilivyoshindwa kuwalinda vijana walioteswa na John Smyth, binti yangu aliniuliza kwa nini nirudi Jumapili. Nilimwambia naenda kwa ajili ya Kristo, na kwamba hasira yake ni halali. Sikuwa na jibu jingine, na sijalipata.

Kwangu mimi mambo yalibadilikia kitandani pa mgonjwa. Nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Bibi mmoja, mzaliwa wa Poplar, alikuwa ameshasahau hata majina ya wanawe. Usiku wake wa mwisho midomo ikaanza kucheza, na tukatambua ni Sala ya Bwana, inakatika pale pale kila anapoianza. Wajukuu walikuwa wamesimama, wazima, wenye upendo, machozi yanawatoka. Hakuna aliyejua inaendeleaje. Mkubwa wao akanitazama: je, ninaijua? Kanuni za kazi haziruhusu kuanzisha sala, nikasita. Mwenzangu wa zamu, Msomali aliyekulia Eastleigh, Nairobi, akaninong'oneza kwa Kiswahili: “Dada, si wamekuomba wenyewe? Endelea naye.”

Nikaendelea naye. Kwa Kiingereza sikuwa nimeishika vizuri, kwa hiyo katikati nikahamia Kiswahili bila kukusudia, naye bibi akaendelea na maneno yake ya zamani mpaka Amina, hatukupotezana. Sala hiyo watu wake ndio walioileta Muheza.

Baada ya usiku ule mimi na yule Msomali tulianza kusema waziwazi. Yeye alitandika mswala chumba cha kubadilishia nguo, nami nilikaa mlangoni asikatizwe. Mwaka 2025 mfungo wake na Kwaresima yangu vilianza ndani ya wiki moja, tukawa tunafuturu jikoni pamoja, kwa tende na uji. Idd nilimshikia zamu, Pasaka akanishikia.

Msimamizi wetu, Mwingereza asiye na dini, alikuwa akituona. Mwaka 2026 Jumatano ya Majivu ilikuwa 18 Februari, na mwezi wa Ramadhani ukaandama wiki hiyo hiyo. Kabla hajapanga ratiba ya zamu alikuja jikoni na kalenda mkononi, akatuuliza sote wawili: “Mfungo wenu mwaka huu unaanza lini?” Kisha akavuta kiti, akaulizia tunafunga kwa nini, nasi tukamweleza mpaka kengele ya chumba cha pili ikatuita.