Refa, 11 kwa Bila na Penalti ya Huruma

Kuna refa mmoja hapa Mwanza, jina kapuni, hadi leo akikatiza mtaani madogo wanamwita "Penalti".

Kisa chenyewe: mechi ya watoto chini ya miaka 13, uwanja wa vumbi kule Igoma. Dakika ya 40, 11 kwa bila. Kipa anaokota mpira huku analia. Refa roho ikamuuma, akapuliza penalti ya bure kabisa. Dogo aliyeanguka akagoma kuipiga. "Refa, hajanigusa mtu."

Uwanja mzima kimya.

Aisee, huruma ya namna hiyo inauma kuliko hata hizo 11. Madogo wanajua mpira, na wanajua wakionewa huruma.

Sheria za soka hazimpi refa ruhusa ya kumaliza mechi eti magoli yamezidi. Ila kwa watoto zinaruhusu dakika zipunguzwe, mradi kanuni ya mashindano imesema hivyo kabla. Hata besiboli ya watoto ya Little League iko hivyo: timu ikiongoza kwa pointi 10 baada ya awamu nne, mchezo umeisha. Hiyo ni kanuni, wala siyo roho nzuri ya mwamuzi.

Jumamosi iliyofuata refa akawaita makocha kabla ya kuanza. Wakakubaliana: tofauti ikifika goli 7, matokeo yanafungwa hapohapo, madogo wanachanganywa, mpira unaendelea.

Yule kipa? Bado anadaka.

Ungekuwa wewe ndo refa, ungefanyaje? Dondosha komenti.