Plymouth, Mji wa Ngisi

Ukifika Plymouth, kusini-magharibi mwa Uingereza, wenyeji watakuelekeza kwanza uwanja wa Hoe. Wana haki. Mnara wa taa wa Smeaton umejisimamia juu ya nyasi na mistari yake myekundu na myeupe. Chini yake ghuba imefunguka, manowari zikipishana na mashua za wavuvi. Watalii hupiga picha, wakashuka kutazama ilipong'oa nanga meli ya Mayflower mwaka 1620, basi, safari imekwisha. Haijaisha. Jongea mashariki, ubavuni mwa ngome ya mawe: pana maabara ya viumbe wa baharini, iliyofunguliwa mwaka 1888.

Sifa za mji huu, kwangu, zimo humo. Ngisi anayevuliwa bahari ya hapa ana uzi wa neva mnene, karibu nusu milimita, unaoonekana kwa macho matupu. Mwaka 1939 wanasayansi Alan Hodgkin na Andrew Huxley walipenyeza ndani yake mrija mwembamba wa kioo, wakapima umeme wake. Vita vikawakatiza. Walirudi, na mwaka 1952 wakaeleza siri yenyewe: ishara ya neva ni ioni za sodiamu kuingia, kisha za potasiamu kutoka, kila aina kwa njia yake kwenye utando wa seli.

Njia hizo huchaguaje? Roderick MacKinnon wa New York alilijibu swali hilo mwaka 1998, alipochora umbo la mlango wa potasiamu wa bakteria. Kila ioni hutembea imezingirwa na maji. Sodiamu ni ndogo kuliko potasiamu, ungedhani itapenya kirahisi. Wapi! Palipo pembamba, potasiamu huvua maji yake na kupokelewa na atomi za oksijeni zilizopangwa kwa umbali uleule, hivyo haipungukiwi kitu. Sodiamu humo ni mguu wa mtoto ndani ya kiatu cha baba: haizifikii oksijeni zote, na kuyaacha maji yake ni hasara. Hubaki nje, huku potasiamu zikipita kwa mamilioni kila sekunde.

Hodgkin na Huxley walitunukiwa Nobel mwaka 1963, MacKinnon mwaka 2003. Kwa hiyo msomaji, ukienda Uingereza usiishie London. Panda treni pale Paddington, ushuke Plymouth. Na ukiagiza ngisi katika migahawa ya bandarini, mle kwa heshima.