Mteja Akiwa Mezani kwa Mwenzio

Nilianza kuuza vitenge katika soko kuu la Bujumbura mwaka 1986, Rais Bagaza akiwa bado madarakani, na mpaka moto ulipolimaliza soko lile, mshindani wangu hakuwahi kukaa mbali nami kuliko urefu wa mkono. Ndivyo soko lilivyopangwa. Wauza ndagala na wauza ndagala, wauza viatu na wauza viatu, na sisi wa vitenge meza bega kwa bega, mali yetu ikitoka kwa matajiri walewale. Aliyezoea duka la peke yake mtaani haijui kazi hiyo. Unasikia bei anayoitaja jirani, naye anasikia yako. Unajua kwamba tangu asubuhi hajauza kitu, naye anajua kwamba mwanao amerudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa ajili ya karo.

Mama yangu aliuza ndagala mtaani Buyenzi maisha yake yote. Siku niliyomwambia nimepata meza sokoni hakuniuliza kodi wala mtaji. Aliniambia, "Mwanangu, mteja akiwa mezani kwa mwenzio, wewe humwoni."

Mstari wetu wote uliishi kwa sheria hiyo, ingawa haikuandikwa popote. Bei tulishindana, tena kwa ukali. Lakini kumwita mteja ambaye bado ameshika kitambaa cha jirani, hapana. Aliyefanya hivyo hakupigiwa kelele. Kesho yake alipotuma kijana kuazima mali hakupewa, na bila kuazima hakuna aliyeweza kuishi pale. Mteja anakuja anataka kitenge cha waksi cha buluu chenye maua, mimi sina. Namkalisha kwenye kigoda, naongea naye habari za watoto, huku kijana anakimbia meza ya nne. Ananiletea kwa bei ya sisi kwa sisi, naongeza faida yangu ndogo, mteja anaondoka ameridhika, na siku hiyo wawili tumeuza. Fedha niliyoipata kwa mali ya washindani wangu ilisomesha watoto, nami naitaja bila haya.

Ushindani wenyewe tuliuweka kwenye ujuzi. Waksi ya kweli ukiigeuza, nyuma na mbele ni sawa, kwa sababu rangi imeingia pande zote mbili. Nakala hupauka upande wa ndani, na baada ya kufuliwa mara chache mwenye nguo anajua aliuziwa nini. Kazi yangu ilikuwa kumgeuzia mteja kitambaa kabla hajauliza. Nakala niliiuza kama nakala, kwa bei ya nakala, kwa sababu mwanamke wa kipato kidogo naye ana harusi ya kwenda. Wengine waliona ninajiharibia. Lakini mama anayenunua sare za ukoo mzima kwa ajili ya harusi hawezi kubahatisha, aibu yake itaonwa na ukumbi mzima, na kina mama wa namna hiyo walikuja kwangu hata meza yangu ilipokuwa na mali haba kuliko zote.

Mwaka 1996 ukaja mtihani. Rais wa zamani Buyoya alirudi madarakani kwa mapinduzi mwezi wa Julai, nchi jirani zikatuwekea vikwazo, na havikuondolewa mpaka mwanzoni mwa 1999. Mali ya Dar es Salaam ikawa adimu, iliyopenya ilipenya kwa bei ya kutisha, tukabaki kutegemea sana vitenge vya COTEBU, kiwanda chetu cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa China. Waliokuwa na akiba waliificha wakisubiri bei ipande zaidi. Mimi nilikata kitenge changu kidogo kidogo kwa mafundi cherehani wa Buyenzi na Bwiza, kwa bei ambayo wangeweza kuirudia mwezi ujao. Mipaka ilipofunguliwa, mafundi hao hawakupita kwa mtu mwingine.

Sasa niseme la nyumbani, kwa kuwa ndilo wanawake hunijia nalo zaidi, hata kuliko la mtaji.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya vikwazo mume wangu alioa mke wa pili. Alioa kwa nikaha, mbele ya shehe, kwa kuwa sheria ya Burundi haitambui mke zaidi ya mmoja, na mwenye cheti cha ndoa cha komini nilikuwa mimi. Iliniuma. Sitaki msichana yeyote asome hapa akadhani nilikuwa jiwe. Mashangazi walikuja, mashoga walikuja, kila mmoja na silaha yake: pika kumzidi, vaa kumzidi, zaa tena. Mmoja aliniletea na jina la mganga.

Nilikataa, na sababu niliipata mezani kwangu. Kwa miaka mingi nilikuwa nimewauzia wake wenza. Nilimjua mama aliyekuja kunusa mwenzake amenunua nini, ili achukue cha bei kubwa zaidi, kwa fedha iliyotakiwa kununua unga. Wiki inayofuata anakuja yule mwingine na swali lilelile. Sikuwahi kumwambia mmoja alichonunua mwenzake, ingawa kwa kusema tu ningeuza mara mbili. Nikaona kwamba sokoni mteja anachagua, analipa, anaondoka, na aliyemkosa leo atampata mwingine kesho. Ndoani hakuna anayelipa akaondoka. Anayeshinda usiku wa leo inambidi ashinde tena kesho na keshokutwa, mpaka uzeeni, na gharama yote inatoka kwenye sahani za watoto. Biashara niliishindania kwa nguvu zangu zote. Mume sikumshindania.

Kutoshindana si kunyamaza. Nilimwita mume wangu mbele ya kaka yake na mjomba wangu, nikasema nitakalo. Matumizi ya watoto yafike mkononi mwangu kila mwezi, karo kwanza. Mtaji wa vitenge ni wangu, hauingii nyumba hii wala ile. Zamu ziheshimiwe, nami sitamtuma mtu kuchungulia amechelewa wapi. Alikubali, na kwa sehemu kubwa alitimiza. Mimi na mke mwenzangu hatukuwa marafiki, wala sikuona ulazima wa kujifanya. Tulisalimiana misibani. Alipokuja kununua nilimgeuzia kitambaa kama ninavyomgeuzia mwingine, na bei ilikuwa ya wote.

Jumapili tarehe 27 Januari 2013 soko kuu likaungua. Hata helikopta kutoka Rwanda zilikuja kusaidia kuzima, lakini vitenge haviungui nusu. Wengi wetu hatukuwa na bima, na deni la benki halikuungua. Watu walisambaa: wengine soko la Ruvumera kule Buyenzi, wengine lile la kwa Siyoni, wengine barabarani. Nafasi zikapanda bei, na ukikaa, jirani ni mtu usiyemjua wala asiyeijua sheria yetu. Meza ya Ruvumera nilikodi pamoja na yule niliyeshindana naye muda mrefu kuliko wote. Yeye alikuwa na mzigo uliokuwa bado haujaingia nchini siku ya moto. Mimi sikuwa na hata kipande, ila wateja wa sherehe walinifuata. Mali yake ikauzwa kwa wateja wangu. Tungekuwa tumenyang'anyana watu miaka yote ile, hakuna ambaye angemkabidhi mwenzake mzigo wakati huo.

Mwaka 2017 serikali iliwataka wanaoishi pamoja bila ndoa ya kisheria waihalalishe kabla mwaka haujaisha. Komini zikajaa maharusi wenye wajukuu, na biashara ya vitenge ikachangamka. Kwangu walikuja tena mashoga: dada, sasa ni zamu yako, sheria imekupa mume mzima, nenda ukaseme. Sikwenda kusema kitu. Nilichofanya ni kumwomba mume wangu akawaandikishe kwa jina lake watoto wa nyumba ya pili. Burundi haina sheria ya mirathi iliyoandikwa. Mambo huamuliwa na mila na wazee wa ukoo, na mtoto ambaye jina la baba yake haliko popote hufika mbele yao mikono mitupu. Alikwenda. Alipofariki, hakuna mzee aliyeuliza watoto wale ni wa nani, na kikao kilichoweza kugawa ukoo kilikwisha kabla ya alasiri.

Siku hizi meza anaishika binti yangu, na washindani wake wengi hawana meza. Wanapiga picha, wanaweka kwenye simu, kijana wa pikipiki anapeleka. Mwaka huu alinijia na hasira: mmoja wao anauza waksi kwa bei ambayo sisi hatuwezi, na binti anataka kushusha chini zaidi mpaka yule aache. Nilimwambia alete daftari. Tangu Benki Kuu ilipofunga maduka ya kubadilishia fedha mwaka 2020 na dola kutafutwa kwa taabu, faranga imezidi kushuka, na kitenge kilicho mezani leo hakirudi kwa bei tuliyokinunulia. "Usiniambie kilitugharimu ngapi," nilimwambia. "Niambie mzigo ujao utatugharimu ngapi." Alipiga hesabu mara mbili. Yule wa kwenye simu alikuwa anauza chini ya hapo, maana yake anakula mtaji wake kila anapofurahi kuuza. Bei yetu ikabaki palepale, na binti akapiga picha za vitambaa vyetu, mbele na nyuma, akaziweka kwenye simu.