Nusu Nyingine ya Kicheko

Darasa letu linahitimu mwezi huu. Mimi sihitimu, lakini mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika kijitabu cha vichekesho vyetu, kile kitakachogawiwa siku ya mahafali pamoja na soda na kipande cha keki. Mheshimiwa, mwakilishi wa darasa tangu mwaka wa kwanza (cheo alijipa, hakuna aliyempigia kura), alinipigia simu akasema, "Buda, mwandishi tuliye naye ni wewe. Kila mtu anatoa hamsini bob." Nikamkumbusha kwamba niliondoka mwaka wa tatu. Akauliza, "Kwani ulipoenda ulibeba na utani wetu?"

Swali zuri. Na kodi ilikuwa imekaribia. Nikakubali.

Mimi huishi kwa kuandika. Naandika maelezo ya viatu vinavyouzwa mtandaoni, wasifu wa marehemu nisiowajua, na barua za kuomba kazi za watu wenye shahada. Kijitabu cha darasa kilionekana kazi ya jioni moja. Mheshimiwa alitangaza kwenye kundi la WhatsApp kwamba kila mtu atume kumbukumbu moja ya kuchekesha. Tulikuwa 63 tulioanza Septemba 2019, Shahada ya Elimu, Kiswahili na Historia. Ndani ya siku mbili nikawa na jumbe 41. Nusu yake zilikuwa za sauti, na robo ya hizo za sauti ni mtu akicheka tu bila kusimulia chochote.

Ngoja niwaonjeshe.

Kuna ile ya Soksi. Kama ulisoma Kenya unajua mwakenya ni nini: kile kikaratasi chenye maandishi madogo kama chawa, unachoingia nacho mtihani huku ukimwomba Mungu aangalie kando. Jina lenyewe limetoka mbali. Mwakenya lilikuwa vuguvugu la siri la miaka ya 1980, enzi za Rais Moi, na kupatikana na karatasi zake kungeweza kukupeleka jela. Sasa, mwaka wa pili, mtihani wa historia ya siasa za Kenya, Soksi akaingia na mwakenya kuhusu Mwakenya. Ameikunja vizuri, ameificha ndani ya soksi. Swali likaja, namba tatu, kama ambaye aliliagiza. Akainama kujikuna, akaichomoa, akaifungua. Jasho lilikuwa limefuta kila kitu isipokuwa kichwa: MWAKENYA. Yaani neno pekee lililobaki ni lile ambalo tayari lilikuwa kwenye swali. Alipata alama sita, na mpaka leo anadai mbili kati ya hizo ni za kichwa.

Kuna ile ya Ng'ombe. Machi 15, 2020, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza shule na vyuo vifungwe kwa sababu ya korona, kila mtu akarudi kwao, na baadaye tukaanza kusomea Zoom. Siku moja mhadhiri anaeleza ngeli kwa utulivu wake wote, mara sauti ya mama mmoja ikapasua darasa: "We! Ng'ombe wako kwa mahindi na wewe umekaa hapo unaongea na simu!" Kimya. Mhadhiri akasafisha koo, akasema huo ni mfano mzuri wa sentensi ambatano.

Na kuna ile ya Fuliza, huduma iliyoanza Januari 2019, miezi michache tu kabla ya sisi kuingia chuo, kwa hivyo tumekua pamoja. Siku ya kuzaliwa ya Mheshimiwa, watu watano, chipsi na kuku, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye mwenye doo. Bili ilipofika, simu tano zikatoka mfukoni kwa pamoja na wote watano wakafuliza. Usiku huohuo mama wa mmoja wao akatuma mia tano za sabuni. Zikaingia, zikalipa kuku, zikaisha. Wiki nzima jamaa alifua kwa maji na imani.

Nilikuwa nacheka peke yangu kejani mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu nikafika kwa ujumbe wa kumi na tisa.

"Mnamkumbuka Kabati? Msee alikuwa anakuja darasani na begi kama anahama. Siku moja zipu ikapasuka tukiwa kwa ngazi. Mswaki, sufuria, pasi, shuka, zote chini. Mheshimiwa akamuuliza, 'Na kitanda umeacha wapi?'"

Kabati ni mimi. Watu kumi na mmoja walituma kisa hicho hicho, kila mmoja kivyake. Kwa mmoja sufuria ilikuwa na ugali. Kwa mwingine kulikuwa na kuku, tena mzima, akakimbilia ofisi ya mkuu wa idara. Kuku hakuwepo, naomba hilo lieleweke.

Nilicheka. Kisha nikaanza kukiandika, nikakwama hapo kwa "kama anahama". Kwa sababu nilikuwa nahama. Kodi ilikuwa ya miezi miwili, na alfajiri ile nilitoa nilichoweza kubeba kabla landlodi hajaja na kufuli lake. Wiki tatu nililala kwa vyumba vya wenzangu, leo huyu kesho yule, nikimwambia kila mmoja kwamba nimekuja tusome usiku. Muhula uliofuata karo ikakwama, kadi ya mtihani haikutoka, nikapanda matatu na begi lilelile, zipu imeshonwa kwa uzi wa gunia.

Sasa ningefanyaje? Kuacha kisa nje kungekuwa uongo. Ngazi zilikuwepo, sufuria ilibingirika mpaka chini ikipiga kelele kila kidato, na siku ile mimi ndiye niliyecheka kwa sauti kuliko wote. Lakini kukiandika vile walivyokituma kungemaanisha kwamba miaka ishirini ijayo, mtoto wa mtu akifungua kile kijitabu, atamkuta jamaa fulani wa ajabu aliyependa kutembea na pasi. Nikakiandika chote, sufuria na swali la kitanda, halafu nikaongeza sentensi moja mwishoni: "Alikuwa anahama kweli." Nikatuma ukurasa huo kwenye kundi Ijumaa usiku.

Kundi likanyamaza. Tiki za buluu zikajaa, hakuna aliyeandika. Dakika ishirini. Kwa kundi letu, hiyo ni kama matanga.

Wa kwanza kuzungumza akawa Soksi. Akatuma sauti, anaongea polepole. Asubuhi ya ule mtihani alikuwa mjengo tangu saa kumi na mbili, akibeba mawe, na saa tatu kasorobo akatoka mbio mpaka chuo. "Hilo jasho halikuwa la uoga, wasee. Hilo jambo limeniuma miaka minne."

Ng'ombe akafuata. Simu aliyosomea ilikuwa ya mama yake. Kila saa nne mama alienda nayo sokoni, wateja wake wangemtafuta, ndio maana yeye hakuwahi kumaliza kipindi hata kimoja. Siku ile alikuwa amepitisha muda. Ng'ombe walikuwa kisingizio, mama alitaka simu yake.

Kisha Mheshimiwa, yule wa swali la kitanda. "Kabati, ulilala kwangu siku sita. Ulidhani nilidhani unasoma? Kitabu chako kilikuwa juu chini."

Hapo niliweka simu mezani kwa muda.

Mwaka wa kwanza tulifundishwa kuhusu utani, ile desturi ya baadhi ya jamii za Pwani na Tanzania, ambapo mtani wako anaruhusiwa kukusema vibaya mbele za watu na huwezi kukasirika. Msiba ukitokea, mtani anakuja kumfanyia mzaha hata marehemu, na huyo huyo ndiye anayeshika kazi za mazishi. Niliandika hayo kwenye mtihani nikapata alama nzuri, nikayaweka kando kama mambo ya wazee wa zamani. Kumbe nilikuwa nayo chumbani. Mtu aliniuliza nimeacha kitanda wapi, jioni akanipa chake, yeye akalala chini na kusema mgongo unamuuma.

Ndiyo maana kijitabu kilibadilika. Niliwaambia wanaotaka waniletee nusu nyingine ya vicheko vyao, na wasiotaka waache, hakuna kulazimishana. Wengi walileta. Wachache walikataa, na ukurasa wao ukabaki wa kuchekesha tu, haki yao. Wale watano wa Fuliza walijadiliana kwa kina wakanitumia taarifa rasmi: kisa chao hakina nusu nyingine, wao walipenda kuku.

Siku ya mahafali, kansela atawapa makomredi wangu mamlaka ya kusoma na kufanya yote yanayoandamana na shahada yao. Mtaani tunaiita pawa ya kusoma. Jina langu halimo kwenye ile orodha ndefu, na sina joho. Nitakuwa kando ya hema na boksi la vijitabu, kurasa 32, nikimpa kila mmoja chake akipita. Wakishapewa pawa, waanzie hapo.

Na Mheshimiwa, kama unasoma hapa: zile hamsini hamsini bado sijaziona.