Kimeng'enya na Muhogo wa Bibi

Binti yangu, aliye kidato cha nne, aliniuliza majuzi Kiswahili cha neno la Kiingereza alilolikuta katika somo la baiolojia. Nikamjibu: kimeng'enya. Akacheka, akasema neno hilo lina sauti ya mtu anayetafuna makopa. Nami fikra zikanirudisha Tandika, uani kwa bibi.

Sisi wapenzi wa lugha tunaujua mzizi wake: kumeng'enya ni kukivunjavunja kitu hata kikawa vipande vidogo. Je, hiki kinavunja nini?

Katika seli za mzizi wa muhogo mchungu, linamarini hukaa ndani ya kifuko chake, nacho kimeng'enya kiitwacho linamarase hukaa kwenye kuta za seli. Maadamu mzizi ni mzima, wawili hao hawakutani. Utafunwapo, utwangwapo au ulowekwapo hata ukalainika, kuta hupasuka. Kimeng'enya huivunja linamarini, na mwisho wake ni sianidi. Sumu, basi, huzaliwa jerahani. Ajabu ni kwamba papo hapo ndipo huanza kuondoka, ikipeperuka hewani na kuchukuliwa na maji, mradi ipewe muda.

Muda huo ndio niliomwibia bibi. Nikiwa na miaka kumi, njaa ya mchana ilinituma kuchukua vipande alivyoviloweka jana yake, nikavibandika mekoni. Bibi, mzaliwa wa Newala, alirejea kutoka sokoni, akaimwaga sufuria nzima mchangani. Hakunipiga. Alikaa kizingitini akalia. Nilidhani analilia chakula.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za konzo, maradhi yanayokakamaza miguu ghafla, nayo hayana tiba. Yaliwapata watu wa Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame, na watu wa Mtwara mwanzoni mwa karne hii: kaya ambazo njaa iliwalazimisha kula muhogo mchungu, wiki baada ya wiki, bila kuungoja. Mlo wangu mmoja usingeleta konzo. Lakini bibi alizijua njaa, na alijua huanza hivyo.

Jumapili tulimtembelea. Binti yangu akamweleza habari za kuta na kifuko. Bibi akasikiliza hadi mwisho.

"Kumbe kina jina?"

"Kimeng'enya, bibi."

Akalirudia neno mara mbili, polepole.

"Basi mimi nilikuwa nakisubiri kimalize kazi yake."